Mikono Safi Siku ya Kukabidhi Ofisi

Somo: 1 Samweli 8:1–5 na 12:1–5



Samweli alipozeeka, alisimama mbele ya Israeli yote. Hakujisifia kazi alizozifanya. Aliwataka watu waseme, mbele za Bwana na mbele ya mfalme mpya, kama kuna yeyote aliyenyang'anywa ng'ombe au punda naye, aliyedhulumiwa, au aliyempa rushwa. Aliahidi kurudisha. Watu wakamshuhudia kwamba mikono yake ni safi.

Lakini tusisome sura ya 12 tukairuka ya 8. Yoeli na Abiya, wanawe aliowaweka kuwa waamuzi, walipenda fedha, wakala rushwa na kupotosha hukumu. Wazee walipokuja kudai mfalme, walitaja mwenendo wa vijana hao. Baba alikuwa safi. Waliopata nafasi kupitia kwake ndio waliomwachia doa.

Watanzania miongoni mwetu wanamkumbuka Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyefariki Februari 2024. Miaka ya 1970 alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na mkoani Shinyanga watuhumiwa walikufa mikononi mwa vyombo vya dola. Si yeye aliyewatesa. Hata hivyo alijiuzulu, kwa sababu yaliyotendeka yalitendeka chini ya dhamana yake. Mwaka 1985 akawa Rais. Alikuwa Mwislamu, nasi Wakristo tunalo la kujifunza kwake: kiongozi huulizwa pia juu ya yale yanayofanywa kwa jina lake.

Sasa neno kwetu. Wengi wetu tuna ndugu wenye vyeo huko nyumbani: diwani, hakimu, afisa wa forodha. Mtu akiteuliwa tu, simu huanza kulia. Huyu anataka kiwanja, yule kontena lake lipite bandarini bila ushuru, mwingine kijana wake aajiriwe bila usaili. Huitwa undugu. Lakini kiwanja kile kina mwenyewe, na kazi ile mtoto wa mjane ameiomba kwa vyeti vyake halali. Hao ndio ng'ombe na punda wa leo.

Basi, ndugu yetu akipata cheo, tumwombee kabla ya kumwomba. Tumwambie wazi kwamba familia haimdai chochote cha umma. Akitunyima kisicho haki yetu, tusimwite mchoyo, wala tusiseme ametusahau. Iko siku atakabidhi ofisi na kusimama mbele ya watu kama Samweli. Tusiwe sisi tutakaomfanya ashindwe kuuliza swali lile.

Tuombe: Ee Bwana, walinde watumishi wa umma wa nchi zetu na wa nchi hii iliyotupokea. Utupe sisi ndugu zao mioyo isiyotamani cha mwingine. Kwa jina la Yesu, Amina.