Yakobo Alikataa Mwendo wa Esau

Andiko: Mwanzo 33:12–17

Kila likizo ikikaribia napata swali moja kutoka kwa wazazi wa Kibera na wa hapa kwetu Kawangware: "Pasta, tununue vitabu gani tufundishe watoto nyumbani?" Huyu ana mtoto wa PP2, mwingine wa Gredi ya 5, na kijana wa Form 3 aliyebaki kwa 8-4-4, na wote wanalala chumba kimoja. Mama mmoja hata aliniuliza kama awatoe shule kabisa awafundishe mwenyewe.

Hebu tumwangalie Yakobo. Amepatana na Esau, wamelia, wamekumbatiana. Sasa Esau, mwenye wanaume mia nne, anasema twende pamoja. Yakobo anakataa kwa heshima. Anamwambia bwana wake atangulie, kwa sababu watoto ni wachanga na mifugo inanyonyesha, na ikiharakishwa siku moja tu itakufa. Yeye atakwenda polepole, kwa mwendo wa watoto. Kumbuka hao watoto hawakulingana: Reubeni alikuwa mkubwa, Yusufu bado mdogo. (Najua mtaniambia Yakobo aliahidi kwenda Seiri akaishia Sukothi. Hayo ni mahubiri ya siku nyingine.)

Mimi nilijaribu mwendo wa Esau. Mwaka wa 2020 nilikuwa nakaa na dada yangu karibu na stage ya 56. Tarehe 15 Machi, siku ya Jumapili, Rais akatangaza shule zifungwe. Dada anauza mboga, hangeweza kukaa nyumbani. Watoto watatu wakabaki mikononi mwangu: kijana wa darasa la saba, msichana wa Gredi ya 4, na kadogo ka PP1. Hata mtaala haukuwa mmoja. Kijana alikuwa 8-4-4, na msichana alikuwa katika lile kundi la kwanza la CBC.

Nilisomea biashara chuoni, na ugonjwa wetu sisi watu wa biashara ni ratiba. Nikachapisha ratiba, nikaibandika ukutani. Nikanunua vitabu vya mazoezi vya karibu elfu nne, vile vilivyosifiwa na rafiki yangu ambaye watoto wake wanasoma shule ya gharama. Saa mbili asubuhi wote mezani. Kadogo kakalala. Kijana akachoka kusikiliza mambo anayoyajua. Msichana pekee ndiye alikuwa ananifurahisha. Kaka yake akisoma ukurasa, yeye anaurudia bila kosa. Nikasema huyu ndiye faida yangu.

Jioni moja stima ikapotea. Tunapika ugali kwa mwanga wa mshumaa, nikamwambia, "Hebu nisomee hapa kwa pakiti ya unga." Akaangalia picha, akasema, "Unga." Nikaweka kidole kwa neno lililofuata. Kimya. Nikaweka kwa lingine. Akaanza kulia, akanishika mkono: "Anko, usimwambie mama."

Mtoto wa Gredi ya 4 hakuwa anajua kusoma. Alikuwa amejifunza kusikiliza haraka na kukariri, ili asigundulike. Shuleni hakuna aliyegundua, na mimi niliyekuwa naketi naye kila siku nilikuwa nimemsifu kwa kujificha vizuri.

Chuoni tulifundishwa kwamba pesa iliyokwisha kutumika isikuamulie hatua inayofuata. Kwa mtihani nilipata alama nzuri hapo. Nyumbani nilichukua wiki nzima kuvifunga vile vitabu vya elfu nne.

Nikaanza upya kwa kupima. Wale wa Uwezo waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kupima watoto walikuwa na njia rahisi: herufi, kisha maneno, kisha aya, kisha hadithi. Pale mtoto anapokwama ndipo kiwango chake, hata kama gredi inasema vingine. Msichana alikwama kwa maneno. Nikamwambia, "Wewe utamfundisha huyu mdogo silabi." Ba, be, bi, bo, bu. Alifundisha kwa bidii kweli, na hakuna aliyemcheka, kwa sababu alikuwa mwalimu. Kijana nikampa daftari la mboga la mama yake: alinunua kwa ngapi, aliuza kwa ngapi, ngapi zilioza. Asilimia aliielewa huko. Neno la Mungu tu ndilo tulilosoma pamoja, mkubwa akieleza, mdogo akichora. Paulo mwenyewe alijua kuna wa maziwa na kuna wa chakula kigumu (1 Wakorintho 3:2), na wote ni wa nyumba moja.

Gredi ya 4 iliitwa kurudi tarehe 12 Oktoba, wale wengine wawili wakangoja hadi Januari 2021. Sitawadanganya: siku ile msichana aliweza aya, hadithi bado. Lakini mama yake alishajua. Alimwambia yeye mwenyewe.

Kwa hiyo mzazi, usiulize kwanza kitabu gani. Pima. Halafu nunua kimoja, cha pale alipokwama, hata kikiwa cha gredi ya chini. KICD wana orodha ya vitabu walivyoidhinisha, wanaiita Orange Book. Angalia huko kabla hujashawishiwa na rangi za jalada. Wanaouliza kuhusu ACE, ule mtaala wa Kikristo wa Marekani, hata huo humpima mtoto kwanza kabla ya kumpa kitabu. Ila hesabu gharama yake hadi mwaka wa mwisho, na ujue mtihani atakaofanya si ule wa jirani. Na wewe mama uliyeuliza kuhusu kuwatoa shule: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule. Usiamue kwa hasira ya karo. Njoo tuongee.

Jumamosi saa tisa, baada ya mazoezi ya kwaya, leteni watoto na daftari moja, bila vitabu vipya. Walimu wa Sunday School watampima kila mmoja peke yake kwa ofisi, mlango umefungwa, ndugu zake wakingoja nje.