Umakini kama Ukumbusho: Somo la Taamuli kwa Viongozi wa Biashara Kampala

Sati ni neno la Kipali ambalo Wabudha hulitumia kutaja uzingativu, yaani akili iliyo macho, inayojua inachokitenda. Asili yake ni kukumbuka. Dhikiri, neno ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, nalo lina asili hiyohiyo. Mafundisho ya Ubudha na ya Uislamu yanatofautiana sana, lakini yote mawili yanatambua udhaifu mmoja wa binadamu: mara nyingi mtu hupotewa na jambo analolithamini kwa sababu amelisahau, hata kama hajalikataa. Uzingativu, kwa maana hiyo, ni zoezi la kukumbuka mtu yuko wapi, anafanya nini na kwa ajili gani. Katika Kiganda, kuwa makini huitwa okussaayo omwoyo, yaani kuuweka moyo pale. Aliyeketi ofisini huku moyo wake uko kwingine bado hajafika kazini.

Mahali panapofundisha zoezi hili karibu na Kampala ni Uganda Buddhist Centre, kituo kilichoko Garuga, upande wa Entebbe. Kilianzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyezaliwa kwa jina la Steven Kaboggoza. Mwaka 1990 alikwenda India kusomea biashara, na huko ndiko alikokutana na watawa wa Kibudha kutoka Thailand. Alipokewa katika utawa mwaka 2002 huko California, kisha akaendelea kufunzwa na Henepola Gunaratana, mtawa mzaliwa wa Sri Lanka, katika makao ya Bhavana Society, West Virginia.

Zoezi lenyewe, yaani taamuli, ni jepesi kulieleza. Mtu huketi mgongo ukiwa wima, akaifuata pumzi inavyoingia na kutoka. Baada ya muda mfupi akili huondoka: imekwenda kwenye deni, kwenye kikao cha kesho, kwenye maneno ya jana. Mtu akitambua kuwa imeondoka, huirudisha kwenye pumzi bila kujilaumu. Itaondoka tena, naye atairudisha tena. Anayeanza hudhani kwamba kila akili inapotoroka ameshindwa, kumbe kule kutambua na kurudi ndiko zoezi lenyewe. Mwanafalsafa wa Marekani William James aliandika mwaka 1890 kwamba uwezo wa kuirudisha kwa hiari akili inayotangatanga ndio shina la busara na tabia njema, na kwamba elimu ya kuukuza ingekuwa elimu bora kuliko zote. Alikiri pia kuwa ni rahisi kuitaja elimu hiyo kuliko kuonyesha namna ya kuitoa. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianza kuitoa kwa wagonjwa katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, katika kozi isiyodai imani yoyote. Kutoka hospitali zoezi likaingia katika makampuni; Google ilianza kuwafundisha wafanyakazi wake mwaka 2007.

Mfanyabiashara wa Kampala analihitaji zoezi hili kwa sababu zilizo wazi. Mwenye duka la jumla katika mtaa wa Kikuubo ana wateja mbele ya kaunta, wapagazi mlangoni, na mzigo ambao haujamfikia kutoka Mombasa. Tangu MTN ilipoanzisha huduma ya pesa kwa simu nchini Uganda mwaka 2009, simu imekuwa pia sanduku la fedha, kwa hiyo hawezi hata kuizima. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba akili nayo huponyokwa: mtu akiacha kazi kabla haijakamilika na kudaka nyingine, sehemu ya fikra zake hubaki kwenye ile ya kwanza, na ya pili hufanywa kwa akili pungufu. Somo la kwanza kwa kiongozi linatoka hapo. Kabla ya kufungua shauri jipya, lile la awali lifungwe, au angalau paandikwe lilipoishia. Kisha pawe na pumzi chache za utulivu kabla mgeni mwingine hajakaribishwa.

Somo la pili linahusu uamuzi. Kiongozi aliyekwisha kutia fedha nyingi katika tawi lisilolipa huendelea kulitilia, kwa uchungu wa zile zilizopotea. Mwaka 2014 mtafiti Andrew Hafenbrack na wenzake walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu waliofuata pumzi kwa dakika 15 hawakunaswa kirahisi na mtego huo kama wengine. Maelezo yao ni kwamba akili iliyorudi kwenye wakati uliopo haivutwi sana na yaliyopita. Hasara inabaki kuwa hasara. Kinachopungua ni nguvu yake ya kuamua matumizi ya kesho.

Somo la tatu ni la kusikiliza. Salamu za Kiganda ni ndefu, nazo huulizia siku ilivyokwenda na walioko nyumbani kabla ya shauri kutajwa. Meneja anayezipokea huku akisoma simu amepitwa na habari ambayo ripoti haina: sauti iliyobadilika ya mhasibu, au kusita kwa dereva anayeulizwa hali ya gari. Kumsikiliza mtu mpaka amalize sentensi yake ni taamuli pia, na hakuhitaji mkeka wala chumba cha faragha.

Hata hivyo, umakini peke yake si wema. Mwizi wa mfukoni katika stendi ya teksi ni makini kuliko abiria wote. Ndiyo maana katika njia ya Budha yenye hatua nane, uzingativu sahihi ni wa saba, na riziki sahihi imetangulia ikiwa ya tano. Biashara ya silaha, ya sumu na ya kuuza binadamu zimekatazwa kwa jina. Mwaka 2013 waandishi Ronald Purser na David Loy walionya kwamba makampuni yanalichukua zoezi na kuyaacha maadili yake, hata likawa njia ya kuwafanya wafanyakazi wavumilie mzigo usiostahili kuvumiliwa. Onyo hilo ni la haki. Akikumbuka kazi na kuyasahau madhumuni yake, kiongozi amekumbuka nusu tu.

Wakristo na Waislamu, ambao ndio wengi wa wakazi wa Kampala, huenda wakauliza kama zoezi hili linawataka kuiacha dini yao. Tofauti ipo na haifai kufichwa: dhikiri humkumbuka Mwenyezi Mungu, ilhali sati haielekei kwa muumba yeyote. Lakini nidhamu ya kurudi wanayo tayari. Mwislamu huitwa kwenye swala mara tano kwa siku, hutanguliza nia, na hutakiwa awe na khushuu, yaani moyo uliotulia mbele ya Mola wake. Mkatoliki ana sala ya Malaika wa Bwana asubuhi, adhuhuri na jioni. Kiongozi anayeitimiza ibada yake kwa moyo uliopo amekwisha kulianza zoezi. Kilichobaki ni kuuchukua moyo huohuo mpaka mezani pa kazi.

Pumzi haziwezi kutibu kila kitu. Ofisi inayomtaka karani ajibu ujumbe usiku wa manane inahitaji kubadilishwa utaratibu wake, na mwenye mamlaka ya kuubadilisha ni kiongozi. Kwa hiyo uzingativu wake huonekana kwanza kwa walio chini yake: wanajua siku inaanza na kazi ipi, wanaruhusiwa kuimaliza, na wakiingia kwake wanamkuta yupo.