Imani na Kiti cha Mshauri

Karagita, mtaa wa vyumba vya kupanga ambako wavuna maua wa Naivasha hurudi jioni miguu ikiwauma, si ajabu kusikia kwamba mwenye imani haendi kwa mshauri nasaha. Apige magoti tu. Biblia yenyewe haiungi mkono hoja hiyo. Eliya, akiwa ametoka kuwashinda manabii wa Baali, aliketi chini ya mretemu akaomba afe. Malaika hakumkemea kwa imani haba. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Mazungumzo yalikuja baadaye, tena yakianza na swali, si hukumu.

Wapo watakaosema, na wana haki, kwamba maneno hayalipi kodi ya nyumba. Hayalipi. Lakini nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda aliwafunza akina nyanya kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakichagua tatizo moja na kulitafutia hatua. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha dalili za sonona zikipungua, na wagonjwa hao hawakuwa matajiri. Huku kwetu Kenya, hata kizuizi cha sheria kimeanza kuondoka: Januari 2025, Mahakama Kuu ilitangaza kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Iliyobaki ni aibu ya kanisani, ambayo mchungaji anaweza kuanza kuiondoa Jumapili hii.