Mfugaji na Siku ya Bwana

Jumapili nyingi twawaona wafugaji wetu wa Usukuma wakiingia kanisani Injili imekwisha kusomwa, miguu ina tope la zizi. Nasi mapadre, hatuna budi kukiri, tumewakaripia mbele ya watu.

Je, tumewahi kuuliza walikotoka? Mzee aliyekua na ng'ombe tangu utoto halali usingizi mzito. Kabla ya mapambazuko amekwisha kukamua na kumtazama mtamba aliyekaribia kuzaa. Hupapasa tezi chini ya sikio la ndama. Akiikuta imevimba, huhofu ndigana kali, na dawa ikichelewa mnyama hufa. Babu zake waliona sotoka ya miaka ya 1890 ikiteketeza mazizi mazima. Ugonjwa huo ulitangazwa kuwa umetokomezwa duniani mwaka 2011 tu. Mtu wa namna hiyo hawezi kuliacha zizi kwa sababu kengele imelia.

Bwana wetu, alipolaumiwa kwa kumponya mwanamke siku ya Sabato, aliwakumbusha wenye kulaumu kwamba kila mmoja wao humfungua ng'ombe wake siku hiyo akamnywesha (Lk. 13:15). Ni dhahiri aliyajua mazizi kuliko sisi.

Ng'ombe hao wamelipa ada za vijana wengi, ambao baadhi yao, wakiisha kupata kazi mjini, huona haya kumtaja baba mfugaji. Tunawasihi maparoko wafikirie Misa ya saa nne. Na kijana aliye likizo nyumbani ashike fimbo Jumapili ijayo, baba yake apate kuisikia Injili.