WAZO LA LEO: Kuupinga Udhalimu Bila Kumchukia Dhalimu

Harakati zisizotumia nguvu, yaani jitihada za kuuondoa uonevu pasipo kumdhuru mwonevu, zilipata mfano wake Tanganyika kwa Mwalimu Julius Nyerere, aliyebatizwa Mkatoliki mwaka 1943 na kuacha ualimu katika shule ya Pugu mwaka 1955 ili aiongoze TANU, chama kilichodai uhuru. Katika mkutano wa chama hicho uliofanyika Tabora Januari 1958, wajumbe wengi walitaka kuususia uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimu kila mpiga kura kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Nyerere akawashawishi washiriki, na TANU ikashinda. Mwaka huohuo, alipotiwa hatiani kwa kosa la kashfa, alilipa faini ya shilingi 3,000 na kuendelea kudai uhuru, uliopatikana tarehe 9 Desemba 1961 bila vita.

Imani kwamba kila mtu, hata mtawala dhalimu, ameumbwa kwa mfano wa Mungu humzuia kiongozi kumchukia mpinzani, lakini haimruhusu kuunyamazia udhalimu. Vivyo hivyo, kiongozi wa mtaa huko Mwananyamala, Dar es Salaam, anayesuluhisha mgogoro wa mpaka wa kiwanja au wa mtaro wa maji machafu na aisimamie haki kwa uthabiti, huku akilinda heshima ya pande zote mbili, kwa kuwa watu hao wataendelea kuwa majirani.