Mkwaju wa Oduor na mkono wa Barnaba



Manchester United ikifungwa, watu wa hapa kwetu Kiriaini hawangoji gazeti. Steji ya bodaboda hutangaza. Ndivyo ilivyokuwa Alhamisi ile ya tarehe 28 Agosti 2025, baada ya Grimsby Town, timu ya ligi ya nne kule Uingereza, kuwatoa mabwana wakubwa katika Kombe la Carabao. Dakika 90 ziliisha 2-2, ikapigwa mikwaju 26 ya penalti, na Grimsby wakashinda 12-11. Wengi wetu tunamkumbuka Bryan Mbeumo wa United, ambaye mpira wake uligonga mtambaapanya na kumaliza usiku.

Mimi nimekuwa nikimfikiria mtu mwingine. Katika mikwaju 13 ya Grimsby ni mmoja tu uliokosa kuingia, na aliyeupiga ni mtoto wa Kenya. Clarke Oduor alizaliwa Siaya mwaka 1999, akahamia Uingereza akiwa mdogo, akafunzwa mpira katika akademia ya Leeds United. Anacheza pembeni upande wa kushoto: mara winga, mara beki, mara kiungo, popote kocha anapomhitaji. Usiku huo aliingia kipindi cha pili kama mchezaji wa akiba. Alipopiga penalti, kipa wa United, André Onana, akaupangua mpira ule.

Kijana huyo huyo, tarehe 22 Julai 2020, akiwa na miaka 21, aliiokoa timu ya Barnsley. Ilikuwa siku ya mwisho ya ligi, ugenini kwa Brentford. Barnsley walihitaji ushindi ili wasishuke daraja, na mechi ilikuwa 1-1 dakika za nyongeza zilipoanza. Oduor akafunga. Barnsley wakabaki kwa tofauti ya pointi moja. Lakini ulikuwa mwaka wa korona na viti vyote vya uwanja wa Griffin Park vilikuwa vitupu. Bao lake kubwa halikupata hata shangwe ya mashabiki waliosafiri, na penalti aliyokosa ilishuhudiwa na uwanja uliojaa pomoni. Nadhani wako wengi miongoni mwetu wanaoyajua maisha ya namna hiyo. Mama aliyelea wajukuu yatima miaka mingi hakuna aliyempigia makofi, ila siku alipochelewa kulipa mkopo wa chama, kijiji kizima kilijua.

Na mambo ya mechi ile ya Grimsby na United hayakuishia hapo. Oduor alikuwa amechukuliwa kwa mkopo kutoka Bradford City siku moja kabla ya mechi, na usajili wake ukaingia dakika moja hivi baada ya saa sita mchana, ambayo ndiyo ilikuwa mwisho wa kusajili. Kwa sheria, hakustahili kucheza. Grimsby walipoligundua kosa hilo walilipeleka wenyewe kwa wasimamizi wa ligi, wakatozwa faini ya pauni 20,000, nusu yake ikiahirishwa, na ushindi ukabaki wao. Kusema ukweli kabla hujakamatwa ni jambo ambalo ningependa kuliona zaidi katika ushirika wetu, katika vyama vyetu vya akiba, na katika vikao vya kugawa mashamba ya marehemu.

Lakini hasa nataka tuwatazame wale wengine waliopiga. Baada ya mkwaju wa Oduor kupanguliwa, Matheus Cunha wa United alikuja na nafasi ya kuimaliza mechi, na kipa wa Grimsby, Christy Pym, akamzuia. Kuanzia hapo hakuna mchezaji wa Grimsby aliyeruhusiwa kukosea tena, na hakuna aliyekosea. Wenzake Oduor walilichukua kosa lake wakalibeba, mmoja baada ya mwingine, mpaka likaacha kuwa ndilo lililoamua matokeo.

Barnaba naye alibeba kosa la mwenzake namna hiyo. Fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 13 na ya 15. Yohana Marko alisafiri na Paulo na Barnaba, na walipofika Perge ya Pamfilia akawaacha akarudi Yerusalemu. Safari ya pili ilipopangwa, Paulo alikataa katakata kumchukua. Alikuwa na sababu, maana kazi ilikuwa ngumu na kijana alishawahi kukimbia. Barnaba hakukubali. Wakagombana, wakaachana, na Barnaba akapanda merikebu pamoja na Marko kuelekea Kipro. Barnaba hakuwa na hakikisho lolote kwamba safari hii kijana angevumilia. Alimchukua tu. Miaka ilipita, na katika waraka wa pili kwa Timotheo tunamkuta Paulo, mfungwa, akiomba aletewe Marko kwa sababu anamfaa katika huduma. Mapokeo ya Kanisa yanasema ndiye aliyeandika Injili inayoitwa kwa jina lake.

Wapendwa, sisi watu wa milimani tunajua kufanya kazi. Tunaamka gizani kuchuma chai, na mtoto tunamfundisha mapema kwamba jani baya hurudishwa pale kituoni. Hilo ni sawa kwa majani. Naogopa tumelihamishia kwa watu. Kijana akirudi kutoka Nairobi bila kazi, anasikia jina la binamu yake kila mlo. Msichana akipata mimba akiwa shuleni, kiti chake kwenye kwaya kinapewa mwingine Jumapili inayofuata. Wanaacha kuja kanisani, na sisi tunasema wameasi, ilhali hatukuwaendea. Nimekaa na baadhi yao. Hawabishani na imani. Wanangoja mtu mmoja awaambie, twende.

Tunaweza kuanza na watahiniwa wetu wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Matokeo hutoka mwezi wa Januari, na simu huanza kulia kutoka kwa shangazi na wajomba wakiuliza alama. Wazazi, ongeeni na watoto wenu kabla alama hazijajulikana. Mwambieni kila mmoja atakula wapi Krismasi, na shamba lipi mtapalilia pamoja mwaka ukianza. Na wazee wa kanisa, nitaomba tukutane baada ya ibada tugawane majina ya vijana ambao hatujawaona tangu Pasaka. Kila mzee achukue wawili.