Anza Kutazama Pembeni
Mpiga picha Josef Sudek alipoteza mkono wake wa kulia kwa sababu ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Hata hivyo alizunguka Prague na kamera nzito ya panorama, ambayo lenzi yake hugeuka na kufagia mandhari kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mwaka 1959 kilitoka kitabu chake chenye picha 284 za jiji hilo na viunga vyake.

Picha ya kawaida humruhusu mtu kuweka kitu kimoja katikati na kusahau vingine. Fremu ndefu ya panorama haimpi nafasi hiyo. Humlazimisha kujiuliza: mti ulio kushoto kabisa una uhusiano gani na ukuta ulio mbali kulia? Mara nyingi uhusiano huo ndio picha yenyewe, wala mpigaji hakuukusudia alipotoka nyumbani.

Filamu nayo huongeza nidhamu. Katika kamera ya panorama ya Hasselblad XPan, mkanda wa picha 36 hutoa panorama 21 tu, na hakuna skrini ya kukuonyesha matokeo papo hapo. Basi jicho lazima limalize kazi yake kabla ya kidole kuanza yake.

Leo, kabla hujapiga picha, na hata kabla hujaamua jambo, zungusha macho hadi ncha zote mbili. Kilicho katikati utakiona bila jitihada. Kilicho pembeni hukipata anayekitafuta.